Wiyoni: Utulivu wa Mchangani Unatoka Wapi?

Alfajiri ya Wiyoni huanza na ufagio. Jua halijachomoza upande wa Manda, na tayari mwanamke ameinama uani na ufagio wake wa chelewa, anachora mistari myembamba juu ya mchanga kutoka mlangoni hadi kwenye ua wa makuti. Hafagii mchanga uondoke, kwani mchanga ndio sakafu yenyewe. Anaondoa majani makavu, maganda ya muhogo na nyayo za jana. Akimaliza, uwanja unabaki kama mkeka uliotandikwa sasa hivi, na wa kwanza kupita, awe kuku au mtoto anayekimbilia chuoni, ataacha alama ambayo kila mtu ataiona.

Sauti za saa hiyo unaweza kuzihesabu. Kuna ufagio, kuna punda anayelia mbali, kuna ndoo inayogonga ukingo wa kisima. Mgeni aliyetoka Mombasa au Nairobi huvuta pumzi na kusema, "Hapa pana amani." Nami nilisema hivyo hivyo. Mama wa nyumba niliyofikia aliinua uso akaniangalia, akajibu, "Amani iko, mwanangu. Lakini hujauliza mai yatoka wapi." Mai, kwa lugha ya huko, ni maji.

Uchambuzi huu ni jaribio la kumjibu. Wiyoni ni mtaa wa pembeni wa mji wa Lamu, kaskazini mwa mji wa kale, na wageni wengi hawafiki huko. Wao hufuata barabara ya ufuoni, wakaiona Ngome na Makumbusho, kisha wakapanda mashua kwenda kijiji cha Shela. Anayefika Wiyoni hukuta nyumba za udongo na makuti, nyumba za matofali ya simenti zilizoezekwa mabati, viwanja vyenye misingi iliyokaa miaka bila ukuta, njia za mchanga unaozamisha miguu, na upande wa maji, mikoko. Swali ni hili: kuishi katika mtaa mkimya juu ya mchanga mkavu ni kuishi vipi, na utulivu ule umetengenezwa na nini? Kwa maoni yangu una mizizi miwili, na hiyo miwili inapingana. Mmoja ni ujirani. Mwingine ni kusahauliwa. Kwa sikio la mgeni yote ni kimya kimoja, ila wenyeji wanaijua tofauti yake.

Nianze na ukavu. Kwa hesabu ya wataalamu, jangwa ni mahali pasipopata hata milimita 250 za mvua kwa mwaka. Lamu hupata karibu 900, kwa hiyo si jangwa. Lakini kaa Wiyoni mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, ua umekauka mpaka unakatika mkononi na mchanga unachoma nyayo saa sita mchana, ndipo utaelewa kwa nini hesabu hiyo haimtoshi mtu anayeishi pale. Sehemu kubwa ya mvua hushuka kuanzia Aprili hadi Juni. Kisiwa hakina mto. Mchanga huyanywa maji mara tu yanapogusa ardhi, na kesho yake unatembea pakavu kana kwamba haikunyesha.

Maji hayo hayapotei, hata hivyo, na hapa ndipo palipo siri ya Lamu nzima. Kusini mwa kisiwa, nyuma ya ufuo wa Shela unaonyooka kwa kilomita kama 12, vimesimama vilima vya mchanga. Mvua inayoangukia vilima hivyo huchujwa chini polepole na kukusanyika juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni yake iligunduliwa katika pwani za Uholanzi na Ujerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna karibu mita 40 chini ya usawa huo. Igeuze kanuni hiyo uione hatari. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka mita 1, chumvi chini inaweza kupanda mita 40. Kisima hakikauki. Kinageuka munyu, na kikishageuka huchukua miaka kurudi, kikirudi.

Visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji. Maji yanasukumwa kwa mabomba kuelekea kaskazini, na Wiyoni iko ule upande mwingine wa mji, mbali na chanzo. Mtu yeyote aliyewahi kuishi mwisho wa bomba, katika mji wowote wa Afrika Mashariki, anaijua habari hiyo bila kuelezwa. Mfereji hutoa hewa kabla ya maji. Siku maji yasipofika, madumu hupangwa kwenye kisima cha jirani, au punda huonekana akija na madumu ubavuni, na mwenye nyumba hutoa fedha ambazo zilikuwa za samaki. Visima vya karibu vina maji ya kuoshea vyombo na kufulia, lakini si kila kimoja kina maji ya kupikia chai. Mama wa nyumba ile alinionjesha ya visima viwili, kikombe baada ya kikombe, mkono wake ukisubiri jibu la uso wangu. Cha kwanza kilikuwa kitamu. Cha pili kiliacha ladha ya bahari nyuma ya ulimi. Kati ya visima hivyo hapakuwa na hatua 200.

Kuna jambo jingine kuhusu mchanga ambalo halizungumzwi vya kutosha, pengine kwa sababu ya haya. Mchanga unaopitisha mvua haraka hupitisha na maji ya choo haraka. Kiwanja kikiwa kidogo, shimo la choo na kisima hukaribiana, na kila nyumba mpya inayojengwa inaongeza shimo moja. Mtaa wa pembeni ulikuwa salama zamani kwa kuwa nyumba zilikuwa chache. Utulivu na usafi wa kisima vilitokana na kitu kimoja, yaani nafasi, na nafasi hiyo inajaa. Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 101,539 katika sensa ya 2009, na 143,920 katika sensa ya 2019. Wengi wa walioongezeka hawakuhamia kisiwani, lakini waliohamia wamelazimika kutafuta pa kujenga, na ndani ya mji wa kale hapajengeki tena.

Hebu tuwatazame wengine wanaokaa kwenye mitaa mikavu. Karibu na Phoenix, katika jimbo la Arizona, kuna mji mdogo wa wastaafu uitwao Sun City, uliofunguliwa Januari 1960. Ni mtaa wa jangwani ulionyamaza kweli kweli. Umenyamaza kwa sheria: makazi yake yametengwa kwa watu wa miaka 55 na zaidi, na watoto hawaruhusiwi kuishi humo. Sehemu ya maji ya eneo lile la Phoenix huletwa kutoka mto Colorado kwa mfereji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Masqat nako, ambako familia nyingi za Kiswahili zilihamia baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, utulivu wa mitaa umejengwa kwa kuta ndefu na viyoyozi, na maji hutolewa baharini kwa mitambo ya kuondoa chumvi. Niliwahi kusikia Mzanzibari wa huko akisema kwamba nyumba yake ni nzuri na jirani yake hamjui jina.

Wiyoni haiko hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayonifanya niutetee mtaa huu. Watoto wamejaa tele. Wanacheza mpira mchangani, wanasoma kwa sauti chuoni, wanaitana juu ya nyua, na bado mtaa ni mtulivu, kwa sababu utulivu wake ni mapatano ya lini pasikike nini. Nyumba ya tatu ikiwa na mgonjwa, redio hupunguzwa bila mtu kutumwa kuomba. Kukiwa na harusi, ngoma italia mpaka usiku mkubwa wala hatatokea wa kulalamika, maana kila mtu amealikwa. Mtoto akitukana njiani, mama yeyote aliye karibu humkanya, na mzazi wake hushukuru. Mgeni hupiga hodi, akanyamaza, akapiga tena, na asipoitikiwa mara ya tatu huondoka. Haya hayakuandikwa popote. Yanashika kwa sababu watu wanajuana kwa jina la baba na la kisiwa walikotoka.

Na walikotoka ni sehemu ya habari. Katika vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, vijiji vya Wabajuni vya bara, vinavyokabiliana na visiwa vya kaskazini kuelekea mpaka wa Somalia, vilihamwa. Watu walipakia majahazi walichoweza wakashuka kusini, wengine Lamu, wengine Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi. Waliofika Lamu hawakuwa na nyumba Mkomani, mtaa wa mji wa kale, katikati ya majumba ya mawe na milango ya kuchonga. Walipata nafasi pembezoni, penye mchanga na hewa, wakajenga kwa boriti, udongo na makuti. Mitaa ya pembeni kama Wiyoni ilikua kwa mikono yao na ya waliowafuata. Kwa hiyo unapoingia katika utulivu ule, kumbuka kwamba wazee wake baadhi waliwahi kuisikia bunduki. Wanajua kimya ni nini na kinagharimu nini.

Hatimiliki ni jeraha jingine. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuandikisha ardhi ya pwani, na ardhi ambayo haikudaiwa kwa karatasi ilihesabiwa kuwa ya serikali. Mvuvi, mkulima na mkimbizi hawakuwa na karatasi. Zaidi ya karne moja baadaye, watu wengi wa pwani bado wanauziana viwanja kwa hati ya mashahidi, saini na dole gumba, na kijana akitaka mkopo wa kujenga tangi la maji benki humwuliza hati ambayo babu yake hakupewa. Misingi isiyo na kuta niliyoitaja mwanzo, baadhi yake imekwama hapo. Mtu haweki simenti yote juu ya ardhi ambayo kesho atakuja mwingine na ramani. Mara nyingi utulivu wa kiwanja kisichojengwa ni woga.

Hapa lazima niutaje mji wa kale. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na eneo lililoorodheshwa ni hekta 16. Nafurahi uliingizwa. Kuta zake nene za matumbawe na vichochoro vyake vyenye kivuli ni elimu ya kuishi na joto ambayo wajenzi wa leo wameipoteza. Lakini kuhifadhi mji ni kuuzuia kupanuka, na watu wake hawakuacha kuzaa. Vijana waliokosa chumba katika mitaa yake ya Langoni au Mkomani walihamia kwenye mchanga. Utunzaji wa mawe ya katikati umelipiwa na mitaa ya pembeni, kwa kubeba watu ambao katikati haiwezi kuwabeba tena, na fedha za uhifadhi hazifuati watu hao.

Nyumba zenyewe zinaonyesha ugumu wa uchaguzi. Paa la makuti linapoza nyumba na kunyamazisha mvua. Ndani yake unaweza kulala mchana wa Machi. Lakini inabidi ulibadilishe kila baada ya miaka michache, na moto ukishika wakati wa kaskazi hauulizi mipaka ya jirani. Watu wa Lamu hawajasahau mioto iliyoteketeza nyumba na kuziacha familia nje. Mabati hayashiki moto. Badala yake yanageuza chumba kuwa tanuri kufikia saa saba mchana, na mvua ya masika ikipiga juu yake hamsikilizani.

Mabati yana faida moja ambayo ningependa kila mwenye nyumba Wiyoni aipigie hesabu. Chukua paa la mita 50 za mraba. Mvua ya milimita 900 juu yake ni lita 45,000 kwa mwaka. Toa sehemu moja kati ya tano kwa uvujaji na uchafu wa mvua ya kwanza, zinabaki lita 36,000. Gawa kwa siku 365, unapata karibu lita 100 kwa siku, yaani madumu matano ya lita 20. Madumu matano ya maji yasiyo na chumvi, kila siku ya mwaka, kutoka kwenye paa ambalo tayari lipo! Kinachokosekana ni gata na mahali pa kuyaweka, kwa kuwa mvua huja kwa miezi mitatu na kiu ni ya miezi kumi na miwili. Wajenzi wa zamani wa pwani yetu walijenga mabirika ya mawe kwa mantiki hiyo hiyo. Na tangi kubwa, kama nilivyosema, linahitaji mkopo, na mkopo unahitaji hati.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lamu imewahi kunyamazishwa. Baada ya raia wa kigeni kutekwa nyara mwaka 2011, wageni walipungua na hoteli zikafunga milango. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku iliyodumu kwa miezi. Machi 2020 ikaja amri nyingine, ya nchi nzima, kwa sababu ya korona, ikakaa mpaka Oktoba 2021. Anayepita usiku kama huo angeweza kusema mtaa umetulia. Lakini mvuvi wa usiku alikuwa kitandani macho yamemtoka, wavu wake mkavu. Harusi zilihamia mchana, mjamzito aliomba uchungu usimshike kabla ya mapambazuko, na baraza zilizokuwa zikitengeneza mapatano yote niliyoyataja zilikuwa tupu. Nimezoea kusikia watu wakisifu usiku uliotulia bila kutofautisha. Kimya cha amri hakijengi ujirani. Kinaukausha.

Upo pia ukimya wa saa nne asubuhi, nao unaniuma kuliko yote. Wazee wako baharini au sokoni, watoto wako shuleni, na kwenye kivuli cha ukuta wamekaa vijana wanne wenye nguvu za kubeba boriti ya mkoko, hawana pa kwenda. Unga, yaani dawa za kulevya, umeharibu vijana wengi wa pwani, na mtaa mtulivu ni mahali rahisi pa kuharibika polepole bila kelele. Bandari ya Lamu, ambayo mradi wake ulizinduliwa mwaka 2012 upande wa bara, ilifungua gati yake ya kwanza Mei 2021. Kwa vijana hawa ilikuwa ahadi. Kwa wavuvi ilikuwa hasara, kiasi kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Anayesema Wiyoni ibaki kama ilivyo ili sisi wageni tupate pa kupumzika hajakaa na vijana hao asubuhi moja.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoogopa kila mabadiliko. Pikipiki zimeingia kisiwani, na wakazi wa mji wa kale wamelalamika, kwa haki, maana vichochoro vyao vilipimwa kwa punda. Lakini Wiyoni, usiku mtoto akishikwa na homa, pikipiki ni msaada. Wakazi wenyewe waamue ipite wapi na saa ngapi, kama walivyoamua ngoma na redio. Mapatano wanayajua tayari.

Kinachonitia hofu zaidi ni ujenzi usio na swali la maji. Arizona, pamoja na mfereji wake mrefu, ina sheria ya mwaka 1980 ya maji ya ardhini inayodai kwamba anayegawa viwanja katika maeneo kama Phoenix athibitishe maji ya miaka 100 kabla hajauza. Juni 2023, hesabu zilipoonyesha upungufu, jimbo lilisimamisha idhini mpya za mitaa iliyotegemea maji hayo. Lamu ina hazina kuu moja ya maji matamu, iko chini ya vilima vya Shela, na juu ya vilima hivyo watu wanatamani majumba ya kifahari yenye mabwawa ya kuogelea. Kila mchanga unaochotwa pale na kila msingi unaochimbwa pale ni kikombe kinachopungua upande wa pili wa kisiwa.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti mambo matatu, na nayaomba kwa mpangilio huu. Vilima vya Shela vilindwe kwanza, kwa vitendo, kabla ya mradi mwingine wowote wa maji. Watu wa Wiyoni na mitaa mingine ya pembeni wapewe hati za viwanja walivyovikalia tangu enzi za wazazi wao, kabla barabara nzuri haijapandisha bei na kuwatoa. Na atakayeomba kibali cha kujenga kisiwani, awe mkubwa au mdogo, aulizwe maandishini maji yake yatatoka wapi na kwa miaka mingapi. Mama wa Wiyoni ameshauliza. Bado hajajibiwa.